Kugandisha Bila Barafu: Jinsi Fuwele za Protini Zinavyoandaliwa kwa Eksirei

Kila mgonjwa wa kisukari anayeanzishiwa insulini hupewa onyo ambalo muuguzi hulirudia hadi likaririwe: dawa hii isigande. Mwenye jokofu huambiwa aiweke mbali na sehemu ya barafu. Asiye na jokofu hufundishwa kuihifadhi katika chungu cha udongo chenye unyevu, mahali penye kivuli. Ikiganda, hata ikiyeyuka na kuonekana kama zamani, haifai tena. Wahudumu wa chanjo nao wana onyo lao. Chupa ya chanjo inayoshukiwa kuganda hutikiswa sambamba na nyingine ya toleo lile lile iliyogandishwa makusudi, kisha hutazamwa kama mashapo yake yanatua chini upesi kama ya ile mwenzake. Kwa watu hawa, ubaridi uliopita kiasi ni adui sawa na joto.

Hata hivyo, katika maabara zinazochunguza maumbo ya protini, protini hutumbukizwa kwa makusudi ndani ya nitrojeni ya kimiminika, yenye ubaridi wa nyuzi 196 za Selsiasi chini ya sifuri, nayo hutoka humo ikiwa salama. Kitendo hicho huchukua chini ya sekunde moja. Kikifanikiwa, hupatikana ramani inayoonesha dawa imekaa wapi ndani ya bakteria, atomi kwa atomi. Kikiharibika, kazi ya miezi hupotea mbele ya macho ya mtafiti. Kinachotenganisha mafanikio na hasara hiyo ni kile kile kinachoharibu chanjo, yaani maji yanayopata nafasi ya kujipanga yakawa barafu.

Kwa nini fuwele

Eksirei ya kifua humwonesha daktari mbavu na moyo kwa sababu mfupa huzuia miali kuliko nyama laini. Protini haipigwi picha kwa njia hiyo. Molekuli moja ni ndogo mno, na miali inayotawanywa nayo ni hafifu kiasi kwamba haipimiki. Wanasayansi hukishinda kikwazo hiki kwa wingi. Mabilioni kwa mabilioni ya molekuli yakijipanga kwa safu, kila moja ikielekea upande ule ule, kama ua moja linavyorudiwa kwenye mkeka kutoka ukingo hadi ukingo, miali inayotawanywa nazo huungana na kutoa maelfu ya madoa kwenye kipokezi. Kutokana na mahali pa madoa hayo na ukali wa kila moja, hesabu ndefu huzalisha ramani ya atomi. Molekuli zilizojipanga hivyo ndizo fuwele.

Mgonjwa anayeiviringisha chupa ya insulini ya rangi ya maziwa kati ya viganja vyake ana fuwele za protini mkononi, ingawa hakuna aliyepata kumwambia hivyo. Weupe ule ni fuwele ndogo ndogo za insulini iliyofungamanishwa na protamini, ambazo huyeyuka polepole chini ya ngozi. Umbo la insulini lenyewe lilijulikana kwa njia ya fuwele mwaka 1969, kazi ya Dorothy Hodgkin na wenzake huko Oxford, baada ya miaka zaidi ya thelathini tangu alipopiga picha yake ya kwanza ya insulini kwa eksirei.

Kuotesha fuwele ya utafiti ni kazi ya subira. Protini husafishwa, tone lake huchanganywa na chumvi au kemikali nyingine, kisha huachwa lining'inie chini ya kifuniko kilichozibwa, juu ya kisima kidogo chenye mmumunyo mzito zaidi. Maji huhama toka kwenye tone kidogo kidogo. Baada ya siku kadhaa, au majuma, au pengine isitokee kamwe, chini ya hadubini huonekana kitu chenye kingo zilizonyooka, mara nyingi kidogo kuliko chembe ya chumvi ya mezani. Kwa sura hufanana na chumvi, lakini kwa tabia ni laini na dhaifu, na karibu nusu ya ujazo wake ni maji yaliyojaa katika nafasi kati ya molekuli. Mwaka 1934, katika Chuo Kikuu cha Cambridge, J. D. Bernal na huyo huyo Dorothy Hodgkin, wakati huo akiitwa Dorothy Crowfoot, walitambua kwamba fuwele za pepsini zilizoachwa zikauke hazitoi picha ya maana, ilhali zikibaki ndani ya maji yake madoa hujitokeza waziwazi. Maji yale ni sehemu ya jengo. Hapo ndipo penye mtego wote wa kugandisha.

Miali inayoua inachokipiga picha

Kwa takribani nusu karne baada ya ugunduzi huo, fuwele ziliwekwa ndani ya mirija myembamba ya kioo pamoja na tone la maji yake na kupigwa eksirei katika joto la kawaida la chumba. Njia hiyo ilifanya kazi, lakini fuwele zilikufa. Miali ya eksirei huvunja molekuli za maji na kuzalisha radikali huru, nazo hutembea ndani ya fuwele zikiharibu kila zinachokutana nacho. Wahudumu wa tiba ya mionzi wanaujua vizuri utaratibu huu, kwa kuwa ndio unaotegemewa kuua seli za saratani. Tofauti ni kwamba mtafiti wa protini anataka anachokimulika kibaki hai hadi amalize kukitazama. Zilipokuja sinkrotroni, mitambo mikubwa ya duara inayotoa eksirei kali mno kuliko za mashine ya hospitali, tatizo likawa kubwa zaidi, maana mwanga ulioleta matumaini ndio huo huo ulioteketeza fuwele kwa dakika chache.

Hakuna aliyeumia kwa hili kuliko Ada Yonath. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, akifanya kazi Israeli na Ujerumani, alikuwa akijaribu kuotesha fuwele za ribosomu, kile kiwanda kidogo ndani ya seli kinachosoma maagizo ya kijeni na kutengeneza protini. Wengi waliona ni kazi isiyowezekana, kwa kuwa ribosomu ni kubwa, imeundwa na sehemu nyingi na huvunjika kwa urahisi. Fuwele zilipopatikana baada ya majaribio mengi, zilioza ndani ya mwali wa eksirei kabla data za kutosha hazijakusanywa.

Ufumbuzi ulitoka kwa Håkon Hope, mkemia mwenye asili ya Norwei aliyekuwa Chuo Kikuu cha California huko Davis. Mwaka 1988 Hope alichapisha njia ya jumla ya kupoza fuwele za protini hadi ubaridi mkali sana bila kuzipasua, na mwaka uliofuata yeye, Yonath na wenzao wakatoa taarifa ya kuitumia njia hiyo kwa fuwele za ribosomu. Katika ubaridi huo radikali huru nyingi hubaki zilipozaliwa, haziwezi kutembea, na uharibifu hupungua kwa makumi ya mara. Fuwele zilizokuwa zikifa upesi sasa ziliweza kuhimili mwali kwa saa nyingi. Leo sehemu kubwa sana ya maumbo ya protini yanayopatikana kwa eksirei hukusanywa kwenye nyuzi 173 hivi chini ya sifuri.

Kitanzi, gliseroli na sekunde moja

Maji ya kawaida yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9. Ndani ya fuwele ya protini, utanukaji huo ni sawa na kutia nondo kwenye nyufa za ukuta wa udongo na kuzisukuma. Safu za molekuli husogea, fuwele hupasuka, na barafu yenyewe, kwa kuwa nayo ni fuwele, hutoa duara zake nyeusi kwenye picha na kufunika madoa ya protini. Mtafiti mwenye uzoefu akiziona duara hizo huwa hahitaji kuambiwa kilichotokea.

Maji hata hivyo yanahitaji muda ili yajipange. Yakipozwa haraka kuliko yanavyoweza kujipanga, hukamatwa yakiwa katika vurugu yake, magumu kama kioo cha dirisha na maangavu kama kioo hicho. Hiyo ndiyo hali inayotafutwa, na hufikiwa kwa mambo mawili yakisaidiana, kemikali na kasi.

Kemikali inayotumiwa zaidi ni gliseroli, ambayo msomaji anaifahamu kwa jina la gliserini, ile ya kupakwa kwenye ngozi iliyokauka. Historia yake katika kazi hii ina ucheshi wake. Mwaka 1949 huko London, Christopher Polge, Audrey Smith na Alan Parkes walikuwa wakijaribu kugandisha mbegu za jogoo katika mmumunyo wa sukari, wakishindwa, hadi siku moja mbegu zilipoyeyushwa zikaogelea. Walipoichunguza chupa waligundua kwamba haikuwa na sukari waliyoidhania bali mchanganyiko wenye gliseroli. Chupa zilikuwa zimechanganywa. Mhudumu wa dawa anayesoma habari hii asichukue ruhusa yoyote kuhusu lebo. Uhimilishaji wa ng'ombe unaofanywa leo kwa mbegu zilizogandishwa, zikiwemo zinazozalishwa katika kituo cha taifa kilichopo Usa River, Arusha, unatokana na ugunduzi ule, na watafiti wa fuwele nao wakaazima humo humo.

Kiasi cha gliseroli hakikisiwi. Kabla ya kugusa fuwele, mtafiti huchukua mmumunyo wenyewe, bila fuwele, na kuugandisha kwenye kitanzi. Ukitoka mweupe kama maziwa, kuna barafu, naye huongeza gliseroli. Ukitoka mwangavu, unafaa. Mara nyingi hukomea kati ya asilimia 15 na 30. Wapo wanaotumia kemikali nyingine, kama vile ethilini glikoli, sukari, au mafuta mazito yanayoifunika fuwele na kuyafukuza maji ya nje. Kisha huja hatua inayowakosesha wengi usingizi, nayo ni kuihamishia fuwele kwenye mmumunyo huo. Anayejua kinachozipata chembe nyekundu za damu zikikutana na dripu iliyo nzito kuliko damu atalielewa tatizo. Maji hukimbia kutoka ndani, na fuwele iliyooteshwa kwa majuma hujikunja na kupasuka kwa sekunde. Ndiyo maana baadhi huhamishwa hatua kwa hatua, asilimia 5, kisha 10, kisha 15, na nyingine huchovywa kwa sekunde chache tu na kutolewa kabla hazijapata muda wa kudhurika. Hakuna kanuni moja. Kila protini ina tabia yake, na daftari la maabara lenye kumbukumbu za kilichoshindikana lina thamani kuliko kitabu chochote.

Fuwele huvuliwa kwa kitanzi cha uzi mwembamba wa nailoni, njia iliyoelezwa na Tsu-yi Teng mwaka 1990. Watoto wanaopuliza mapovu ya sabuni kwa waya uliokunjwa wanajua kanuni yake: utando wa maji hujishikilia wenyewe ndani ya duara. Kitanzi cha mtafiti kina upana wa sehemu ndogo ya milimita, kimesimama juu ya pini yenye kitako cha sumaku. Akitazama kwenye hadubini, mkono ukiwa umeegemezwa mezani ili usitetemeke, mtafiti hukipitisha kitanzi chini ya fuwele na kuinyanyua pamoja na maji machache iwezekanavyo. Maji yakizidi, katikati yake huchelewa kupoa na barafu huanzia humo. Kitanzi kikiwa kipana kuliko fuwele, hubeba maji yasiyo na kazi. Kisha, bila kusita, hukitumbukiza katika nitrojeni. Akisita, utando unaanza kukauka na chumvi ndani yake kupanda.

Kwa muda mrefu iliaminika kuwa kasi ya mkono ndiyo inayoamua. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walionesha kuna jambo lililokuwa limepuuzwa. Juu ya uso wa nitrojeni hulala tabaka la gesi baridi lenye unene wa sentimita kadhaa, na fuwele ndogo hupoa humo, polepole, kabla haijagusa kimiminika chenyewe. Walipolipeperusha tabaka hilo kwa gesi kavu, kasi ya kupoa ikaongezeka sana, na mahitaji ya gliseroli yakapungua. Ni marekebisho madogo, karibu ya kijikoni, na huenda ndiyo sababu yalichelewa kufikiriwa.

Fuwele ikishagandishwa haitakiwi kupata joto tena hata kidogo. Hufungiwa kifuniko chake ikiwa ndani ya kimiminika, hupangwa katika sahani ya chuma pamoja na nyingine, na kuhifadhiwa. Hewa yenye unyevunyevu ni hatari kila hatua, maana mvuke huganda juu ya pini kama ukungu wa jokofu lililoachwa wazi, na chembe hizo za barafu hufika hadi kwenye mwali. Wakati mwingine fuwele iliyogandishwa vibaya huokolewa. Mtafiti huziba mkondo wa gesi baridi kwa kadi ya plastiki kwa sekunde chache, fuwele ikalegea, kisha huondoa kadi na kuiacha igande upya. Mara hufaulu, mara huiua kabisa.

Nitrojeni yenyewe haina simile kwa mzembe. Lita moja ya kimiminika huwa karibu lita 700 za gesi, na katika chumba kisicho na madirisha gesi hiyo huifukuza oksijeni bila harufu wala dalili. Chombo chake hakizibwi kwa kifuniko cha kukaza, kwa kuwa kitalipuka. Kliniki za ngozi zinazotumia nitrojeni kuondolea chunjua zinapaswa kuyashika haya kama zinavyoshika dozi.

Safari ya ndege

Hadi sasa bara la Afrika halina sinkrotroni hata moja. Hilo lingetosha kulifungia nje, kama si uwezo wa fuwele iliyogandishwa kusafiri. Chombo cha kusafirishia hufanana na chupa kubwa ya chai, na kwa kweli ni ndugu yake, maana zote zimetokana na chupa ya James Dewar ya mwaka 1892. Ndani yake mna kitu chenye vitundu kinachofyonza nitrojeni kama sifongo, hivyo kikipinduka hakimwagi kitu, na baridi hudumu kwa siku nyingi. Watafiti wa Cape Town wameweza kuotesha fuwele zao nyumbani, kuzituma kwenye sinkrotroni ya Diamond nchini Uingereza, na kuendesha upimaji kupitia intaneti wakiwa wamekaa kwao. Pesa ya tiketi na viza imebaki mfukoni. Kinachohitajika ni mkono uliofunzwa na nitrojeni ya uhakika, na hivyo viwili haviko mbali na uwezo wa vyuo vya Afrika Mashariki.

Picha inayopatikana ina upungufu wake, nao usifichwe. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walilinganisha protini zilizopimwa kwenye baridi na zilizopimwa katika joto la chumba, wakakuta kuwa kugandisha hubadilisha mkao wa zaidi ya asilimia 35 ya minyororo ya pembeni ya protini. Protini ndani ya mgonjwa huchezacheza, iliyogandishwa imesimama. Ndiyo maana baadhi ya maabara zimeanza kurudia vipimo vya joto la kawaida, wakitumia fuwele nyingi ndogo badala ya moja.

Kilichoonekana ndani ya ribosomu

Mwaka 2000 maumbo ya sehemu zote mbili za ribosomu ya bakteria na jamaa zao yalichapishwa, na mwaka 2009 Yonath, Venkatraman Ramakrishnan na Thomas Steitz wakatunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Kemia. Dawa zilizohusika zilikuwa zimezeeka kabatini. Streptomisini ilikuwa imetibu kifua kikuu tangu miaka ya 1940, lakini ni mwaka 2000 ndipo kundi la Ramakrishnan lilipoonesha imekaa wapi hasa, ikigusana na protini iitwayo S12. Vimelea vya kifua kikuu vyenye mabadiliko kwenye jeni ya protini hiyo vilikuwa vikiikataa dawa, na sasa sababu ilionekana. Katika fuwele hizo hizo ilikuwemo paromomisini, dawa ambayo wagonjwa wa kala-azar wa Kenya na Uganda huchomwa sindano zake.

Mwaka uliofuata kundi la Yonath likaonesha erithromisini, ndugu ya azithromisini inayogawiwa vijiji vizima kupambana na trakoma. Dawa hiyo huketi kwenye mlango wa handaki ambamo protini changa hupitia ikitoka kiwandani, ikaziba njia. Pembeni yake ipo adenini moja, yenye namba 2058. Bakteria sugu wana kimeng'enya kinachoipachika adenini hiyo kundi la methili, kaboni moja na haidrojeni zake, na hicho kitu kidogo kinatosha kuinyima dawa mahali pa kukaa. Katika fuwele nyingine za kundi lile lile ilikuwemo klindamisini, dawa isiyofanana na erithromisini kwa umbo, nayo ikakutwa imeegemea pale pale.

Kwa hiyo mgonjwa mwenye jipu la stafilokoka linaloikataa erithromisini anaweza kuandikiwa klindamisini, kipimo cha kawaida kikasema inafaa, na jipu lisipone, kwa sababu bakteria huwasha kimeng'enya kile katikati ya tiba. Maabara ya hospitali hulichunguza jambo hilo bila eksirei. Mtaalamu huweka vidonge viwili vya karatasi vyenye dawa hizo karibu karibu kwenye sahani ya kuoteshea, huviacha usiku mzima, na asubuhi hutazama duara tupu lililoizunguka klindamisini. Likiwa mviringo kamili, dawa inaweza kutumika. Likiwa limebonyea upande unaoielekea erithromisini, likafanana na herufi D, huandika kwenye fomu kwamba klindamisini isitumike.